Siku Mashine Iliposema Eliasi Ameshashuka

Vijana mnaokaa mbele ya kioo tangu asubuhi hadi macho yanawasha, nawaandikia mimi Manka, niliyestaafu kazi hiyohiyo yenu. Wengine mnaniita Bibi Kompyuta mkinikuta sokoni nachagua ndizi, mnanipa shikamoo huku mnacheka. Marahaba. Chekeni tu. Lakini leo nataka kuwatia hofu kidogo, kwa sababu fundi wa programu asiye na hofu hata chembe simwamini, kama nisivyomwamini dereva anayeteremka mlima huku akipiga mluzi.

Hofu yenyewe ni ya jambo dogo sana. Kugeuza aina. Una maandishi, unataka yawe namba. Una namba yenye desimali, unataka iwe namba kamili. Mnaandika neno moja na mabano mawili, kazi imekwisha, mnarudi kwenye chai yenu. Siku hizi hata neno hilo hamliandiki. Lugha zenyewe zinageuza kimyakimya, na mnaona ni ukarimu.

Mimi nilifundishwa na Mwalimu Hosea, Msukuma aliyeletwa na kazi kwenye shamba la miwa kule chini kwenye joto. Hakuwa mwalimu wa shule; tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza kukujibu swali bila kukuuliza lingine. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa na kioo cha kijani, na feni yake ilipiga kelele kuliko mashine ya kusaga. Siku moja tulikuwa tunajumlisha uzito wa miwa iliyoingia kiwandani. Asubuhi hesabu ilipanda vizuri. Kufika mchana, jumla ikawa hasi. Yaani kwa mujibu wa kompyuta, kiwanda kilikuwa kinatapika miwa na kuirudisha shambani.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Mwalimu Hosea hakucheka.

"Manka, ukimimina uji wa sufuria kubwa kwenye kikombe, nani analalamika?"

"Kikombe, Mwalimu."

"Kikombe hakisemi kitu. Kinajaa, basi. Anayelalamika ni mwenye sakafu."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba namba nayo ina chombo chake. Ile aina ya namba kamili tuliyotumia iliishia elfu thelathini na mbili na ushee. Ukipita hapo inapinduka na kuwa hasi, bila kupiga kelele. Tukabadilisha chombo, miwa ikarudi kiwandani.

Somo lake la pili lilikuwa la sufuri ya mbele. Katibu muhtasi wa ofisi moja hapa mjini alipoteza asubuhi nzima akipiga simu zisizokwenda, akamlaumu fundi wa simu, kisha akaulaumu upepo. Kumbe aliyehamisha orodha ya simu alizigeuza kuwa namba, na namba haihitaji sufuri ya mbele, kwa hiyo zote zilikatwa vichwa. Mwalimu Hosea akaniambia neno ambalo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote: kitu usichokijumlisha wala kukigawanya si namba, hata kama kimevaa tarakimu. Nani aliwahi kujumlisha simu yake na ya jirani?

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Sasa nawaambia lisilochekesha.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Ofisi za watalii zilikuwa zinachipuka mjini kama uyoga baada ya mvua, na kila moja ilitaka kompyuta, hata kama haijui ya nini. Mimi nilikuwa najitegemea, nazunguka na begi langu la disketi, natibu mashine za watu. Kaka yangu mdogo, Eliasi, yeye alikuwa mlimani. Alianza kama mpagazi, akabeba mizigo ya wazungu kwa miaka, akawa msaidizi wa kiongozi, na mwaka huo ndiyo kwanza akakabidhiwa msafara wake mwenyewe. Mkewe Felista alishona upya vifungo vya koti lake. Mama yetu kule Marangu alimwekea mikono kichwani akamwombea, na Eliasi akajifanya anaona haya.

Ijumaa moja asubuhi, napasha chai nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto hapa mjini, nikasikia hodi. Felista. Alikuwa amevaa sweta ya huko juu, na hapa mjini jua lilishaanza kuchoma.

"Wifi," akasema bila kukaa, "kaka yako hajafika nyumbani."

"Alitakiwa lini?"

"Jana. Jana jioni. Nimemwekea mtori mpaka umeganda. Na huko juu, wifi, umeuona mlima?"

Sikuwa nimeutazama. Tulitoka nje ya mlango. Kilele cha Kibo hakikuonekana kabisa, na upande wa kilele kidogo, Mawenzi, wingu lilikuwa limelala zito, rangi ya risasi. Zamu ya mvua za masika ilikuwa haijafika, lakini zilikuwa zimekuja.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye ofisi iliyomwajiri. Jina lake silitaji, na ilishafungwa zamani. Meneja alitupokea vizuri, akamvutia Felista kiti, akageukia kompyuta yake mpya, akabonyeza, akatabasamu.

"Shemeji, ondoa wasiwasi. Kundi la Eliasi limeshashuka. Hili hapa. Jana."

"Kama ameshuka, yuko wapi?"

Meneja akanitazama mimi, kwa macho ya kuomba nimsaidie kusema jambo la aibu. "Ndiyo safari yake ya kwanza kuongoza. Pengine wenzake wamempongeza kwa mbege mahali. Vijana hawa unawajua."

"Eliasi hanywi," akasema Felista.

"Shemeji, wote huwa hawanywi."

Felista alifumbata mikono mapajani na kuangalia sakafu, na mimi nikaona kidole gumba chake kinasugua kingine, kinasugua, kinasugua. Nawaambia ukweli, kwa kitambo kidogo nilitamani kaka yangu awe amelala kilabuni amelewa chakari. Ningempiga kofi na kumshukuru Mungu.

"Naomba nione," nikasema.

Niliwekewa kiti. Kundi lake lilikuwa na alama: 2E1. Wiki ya pili ya mwezi, kiongozi wa herufi E, kundi lake la kwanza. Pembeni: limeshuka, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi. Nikaisoma tena. Nimezaliwa Marangu, vijana. Mtu aliyelala vibanda vya juu, hata aondoke alfajiri na apewe mabawa, saa nne bado yuko kwenye majani makavu huko, msitu hajauona. Anayefika getini saa nne asubuhi ni mtu ambaye hakwenda mbali.

Nikasogeza kiti karibu na kioo.

"Jana saa nne nani alishuka?" nikauliza.

Meneja akasogea. Tukatazama. Saa hiyohiyo, dakika hiyohiyo, kulikuwa na kundi jingine limerudi: kundi namba 20. Wale wa matembezi ya siku moja walipewa namba tupu, bila herufi, kwa sababu hawakuwa na kiongozi maalumu.

Nilifungua sehemu ya kutafutia nikaandika 2E1, nikabonyeza. Mashine ikaniletea makundi mawili, la Eliasi na lile la 20. Nikaandika 20. Ikaniletea yaleyale mawili.

Hapa nisikilizeni vizuri. Wanasayansi wana njia yao ya mkato ya kuandika namba kubwa. Badala ya kuandika sufuri nyingi, wanaweka herufi E, kisha wanataja ni sufuri ngapi. Mbili, E, moja, maana yake ni mbili ikifuatwa na sufuri moja. Ishirini. Kompyuta inaijua njia hiyo tangu kuzaliwa kwake. Na kijana wa Dar aliyeitengeneza programu ile alikuwa ameiboresha karibuni ili itafute haraka: ikiona alama inayosomeka kama namba, iigeuze kuwa namba; isiposomeka, iiache iwe maandishi. Viongozi wengine wote walikuwa na herufi zao, K, M, S, na alama zao hazikusomeka kama namba, kwa hiyo ziliachwa salama. Hakukuwa na kiongozi hata mmoja wa herufi E. Mpaka Eliasi alipopandishwa cheo.

Karani alipoandika kwamba kundi la 20 limerudi, mashine ikatafuta kila kilicho sawa na ishirini. Ikapata vitu viwili. Ikavishusha vyote.

"Piga getini," nikamwambia meneja.

"Dada Manka, hebu tuhakikishe kwanza kama..."

"Piga getini!"

Alichukua redio ya mawasiliano. Sauti ya askari wa hifadhi ilikuja na mikwaruzo. "Kundi la ishirini? Wale wazungu wawili wa siku moja. Mvua iliwarudisha."

"Na Eliasi?"

"Eliasi yupi? Wa Marangu? Huyo sijamwona wiki nzima."

Kwa kawaida geti lingemhesabu. Lakini msafara ule uliingilia upande wa Rongai, nyuma ya mlima, ushukie Marangu. Askari wa Rongai walijua umeshapita. Wa Marangu hawakujua kama unakuja. Aliyetakiwa kuufuatilia ni ofisi, na ofisi ilikuwa imeiuliza mashine.

Felista alisimama. Nilidhani atapiga kelele. Alimsogelea meneja, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa umesikia. Watu wangu wako juu."

Sitamsema meneja vibaya. Uso wake ulisawijika, lakini alifanya kazi ya mwanamume. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepata waokoaji na machela ile ya gurudumu moja, na wapagazi waliokuwa mapumzikoni wakaja wenyewe bila kuitwa, wengine bado wana tope la shambani miguuni.

Mimi na Felista tulipanda hadi geti la Marangu na hatukuondoka mpaka usiku ndugu walipotuchukua tukalale kwao, na asubuhi ya Jumamosi tulirudi. Mnajua kungoja? Hamjui. Nyinyi mnaona kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo mnasema mnangoja. Pale tulikaa kwenye benchi la mbao lililolowa. Kila walipotokea watu kwenye ukungu tulisimama, na kila tulipoona si wao tulikaa, na benchi lilikuwa baridi upya. Felista alishika rozari lakini hakuisogeza. Aliikamata punje moja tu. Wanawake wengine walikuja. Mmoja alikuwa mama mnene mwenye kanga juu ya koti, mke wa Mzee Ndelilio, mpishi wa msafara. Aliniuliza kwa Kichagga mimi ni wa nani, nikamwambia. Akanipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Nikawa naishikilia mkononi kama jiwe.

Akili yangu ilikuwa mbaya siku ile. Ilikuwa inahesabu. Kama tungejua Alhamisi jioni. Kama watu wangepanda Ijumaa alfajiri. Baridi ya huko juu usiku, na mahema yale ya kukodi. Halafu nilimfikiria yule kijana wa Dar, pengine wakati huo anakula chipsi, hajui lolote. Sikumchukia. Alifanya kile mnachofanya kila siku: aliona vitu viwili vinafanana, akavifanya kitu kimoja.

Waliteremka mchana ukiwa umeinama. Tulisikia kwanza lile gurudumu la machela likigonga mawe. Eliasi alikuja anatembea, ameshikiliwa kwapani na watu wawili, midomo imepasuka, miguu imefungwa vitambaa. Felista hakukimbia. Alitembea taratibu hadi kwake, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, ndipo akalia.

Baadaye Eliasi alitueleza. Theluji iliwashika chini ya Mawenzi, mtalii mmoja akateguka goti, ukungu ukafuta njia. Aliwatuma wapagazi wawili walete msaada. Walipotea wakarudi wamechoka. Akaamua wakae mahali pamoja. "Nilijua watatufuata," alisema. "Tukichelewa jioni, asubuhi wangekuwa njiani. Ndiyo utaratibu. Asubuhi nikaanza kusikiliza. Nikasikiliza siku nzima."

Yule mtalii alipona. Wapagazi walipona. Eliasi alikatwa vidole viwili vya mguu. Mzee Ndelilio, aliyekuwa amempa mgonjwa blanketi lake, alipatwa na maji kwenye mapafu. Waokoaji walimkuta hai. Alifia kwenye machela, penye mwanzo wa msitu.

Daktari aliulizwa kama kufikiwa usiku mmoja mapema kungemwokoa. Alisema hawezi kujua. Mimi pia siwezi kujua, na jibu hilo nimelala nalo miaka yote hii. Si kama mwenye kosa, kwa maana programu haikuwa yangu. Nimelala nalo kama mtu anayejua sasa kwamba jambo hili linaweza kutokea.

Tulimzika kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kijana wa Dar alikuja. Alisimama nyuma kabisa, na mjane alipoambiwa ni nani, alimwita, akamtazama kwa muda mrefu. "Umekula?" akamuuliza. Yule kijana alilia kuliko watoto wa marehemu.

Tangu pale nilibadilika katika kazi, na wateja wangu walilalamika. Nikikuta programu inageuza kitu kimyakimya, naisimamisha mpaka mwenyewe aniambie kwa nini. Alama, simu, namba ya mgonjwa, namba ya nyumba, vyote vikae maandishi. Ukigeuza, jaribu na vitu vya ajabu: kitu kitupu, sufuri ya mbele, nukta mahali pa mkato, herufi katikati. Na ikishindikana kugeuka, programu ipige kelele. Programu inayopiga kelele inaudhi. Inayonyamaza ndiyo ya kuogopwa.

Wiki chache baada ya mazishi meneja aliniita niitengeneze ile programu na kusahihisha kumbukumbu za kundi. Nilikwenda na Eliasi, bado ana mkongojo. Kuitengeneza ilikuwa kazi ndogo, ya aibu kwa udogo wake. Kisha nikaanza kurekebisha watu mmoja mmoja. Mbele ya kila jina kulikuwa na swali, ameshuka au hajashuka, na nafasi ya herufi moja tu: N ya ndiyo au H ya hapana. Watalii, N, na tarehe ya kweli. Wapagazi, N. Eliasi, N.

Nikafika kwa Ndelilio.

Niliondoa vidole kwenye vitufe. Nikiweka H, jina lake lingewaka jekundu kila asubuhi, kama mtu anayetafutwa mlimani. Nikiweka N, angekuwa sawa na wale wengine wote waliorudi nyumbani kula.

"Weka N tumalize," meneja akasema kwa upole. "Si kweli kwamba ameshushwa?"

Eliasi akatikisa kichwa. "Dada, andika ilivyokuwa."

"Hapa hapaingii ilivyokuwa. Panaingia herufi moja."

"Basi pabadilishe."

Meneja alisema ripoti zake za mwisho wa mwezi zitavurugika. Nikamwambia zivurugike. Nilikwenda kwenye ufafanuzi wa ile nafasi, nikaiondoa kwenye ndiyo na hapana, nikaigeuza iwe ya maandishi, ndefu kadiri mashine ilivyoruhusu. Niliifanya polepole, nikiangalia kila jina lisipoteze kitu. Kisha nikaandika kwamba Ndelilio, mpishi, alifia mlimani.

Eliasi aliegemea meza akasoma, midomo ikisogea.

"Hapana," akasema. "Hakufia mlimani. Mlima alikuwa ameshauacha. Msitu ulishaanza, aliniambia anasikia harufu yake. Andika alikuwa anashuka."

Nikafuta. Nikaandika: *Alikuwa anashuka. Wenzake walikuwa naye.*

Eliasi akasoma tena, akauweka mkono wake wenye makovu ya baridi begani kwangu.

"Hifadhi," akasema.